Plagi Nyeupe, Plagi Nyeusi

Baba aliniambia nitaondoka kijijini kwetu Mamba injini ya gari lake ikitulia. Mama tulishamzika, kaka zangu wako Dar, na mimi nilikuwa nimepata kazi ya maabara Morogoro. Waajiri wangenisubiri hadi mwisho wa mwezi. Begi lilikuwa tayari, ila kwetu hutoki nyumbani bila radhi ya mzazi.

Gari lenyewe ni la petroli, la zamani, silinda sita kwa mstari mmoja na kabureta moja katikati, ya kuchanganya petroli na hewa. Limeshusha tangawizi yetu tangu sijazaliwa. Asubuhi za baridi linamisi, moto unakatakata, na kutetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Nikifungua plagi, za katikati nyeusi tii kwa masizi, za pembeni nyeupe. Nikiongeza mafuta, za pembeni zinatulia, za katikati zinalowa. Nikipunguza, za pembeni zinakufa njaa. Nilibadilisha plagi na nyaya, nikasafisha kabureta mpaka ugali ukawa na ladha ya petroli. Nililichukia gari lile kuliko ninavyoweza kuandika bila aibu.

Zikiwa zimebaki siku tatu, nikashuka nalo Same kwa fundi mmoja mzee. Alizipanga plagi zangu sita juu ya kitambaa, akacheka.

"Huko kwenu, kwenye mfereji wa maji, shamba la kwanza na la mwisho yanapata sawa?"

"Hapana, mzee. La mwisho linaambulia tope."

"Basi. Bomba linalogawa mchanganyiko liko hivyohivyo. Silinda za jirani na kabureta zinakunywa mafuta, za mbali zinameza hewa. Haliumwi hili, mwanangu. Limezaliwa hivi."

Nilipanda mlima nikiimba. Kama hakuna ugonjwa, hakuna cha kutibu, na mimi ni huru. Nilimkuta baba uani akichagua tangawizi ya mbegu. Nikamwamkia, nikamweleza yote, hata ule mfereji.

"Najua," akasema. "Aliyeniuzia aliniambia."

Hasira ilinipanda hadi machozi. Miezi minne nimeinama kwenye boneti, naye anajua. Nilifungua mdomo nimuulize kwa nini, nikaona anageuza kipande kilekile cha tangawizi kwa mara ya tatu, hakiweki huku wala kule.

"Labda tujaribu plagi za aina nyingine," akasema bila kuniangalia.

Mwezi uliisha siku ya Ijumaa. Asubuhi hiyo nilifungua boneti, nikaanza na silinda ya kwanza.