Mwamba wa Bibi Minza na Bibi Kabula

Unga wa utoto wangu ulinuka dizeli. Mashine ya kusaga ya mtu binafsi ilifika kijijini kwetu, nyuma ya Kisesa, miaka ile wanunuzi wapya walipoanza kugombea pamba ya wakulima. Ilinguruma tangu asubuhi, nasi watoto tulirudi nyumbani na unga hadi kwenye kope. Bibi yangu Minza aliula ugali huo amekunja uso, akilalamika kwamba mashine imeua ladha ya mtama, kisha akamega tonge jingine. Nilimpenda sana kwa unafiki wake huo mdogo.

Kijiji chenyewe kilikuwa safu mbili za nyumba kando ya barabara. Wakubwa walihamishiwa hapo enzi za vijiji vya ujamaa, kabla sijazaliwa. Kwao hasa kulibaki mahameni, chini ya mawe makubwa yanayotazama ziwa, ambako nyumba zilianguka na nyua za minyaa zikaendelea kukua bila mwenyewe. Pamba ilipoanza kulipa, kila familia iliyakumbuka mahame yake. Bibi alitaka azikwe huko kando ya babu, ila kwanza, alisema, alime akiwa bado na nguvu. Tatizo lilikuwa jirani yake wa zamani, Bibi Kabula, aliyetaka kurudi palepale. Minyaa ilikuwa imesambaa, mpaka haujulikani. Kilichobaki ni mwamba mmoja bapa, na kila mmoja aliapa kwamba ulikuwa ndani ya ua wake. Msimu mzima wa palizi hawakusalimiana. Mimi nilikatazwa kucheza na Holo, mjukuu wa Bibi Kabula, na jambo hilo liliniuma kuliko habari zote za mashamba.

Baraza la kijiji lilipokwenda kuangalia, tuliandamana nalo, mimi na Holo tukiwa mbalimbali kama tulivyoagizwa. Mwenyekiti aliwaamkia bibi hao, akawaomba kila mmoja aonyeshe alikuwa akisagia mtama wapi. Wakapanda mwambani, wakapiga magoti. Hapo ndipo nilipoona vishimo viwili, vimelainika kwa miaka ya kusaga, na bibi zetu wakitazamana, kila mmoja kwenye chake. Bibi Kabula ndiye aliyeanza kusema.

"Minza, hivi nani alikuwa anakuja kwa nani?"

Bibi alifikiri, mkono wake ukisugua jiwe.

"Hata sikumbuki, Kabula. Nakumbuka tu ulikuwa unasaga polepole ili tusimalize hadithi."

Wakacheka hadi wakafuta machozi. Mwenyekiti akapitisha mpaka katikati ya vishimo, na kabla hatujateremka Holo alikuwa ameshanishika mkono.

Siku hizi Kisesa imetufikia na nyumba zake za bati la rangi, na unga tunanunua dukani ukiwa kwenye mfuko. Bibi hao walilima huko miaka mingi. Sasa wamelala, kila mmoja upande wake. Zamani ardhi ile iliitwa ya akina babu. Leo mimi na Holo tunaandikishiwa hati kwa majina yetu wenyewe. Juzi kijana mpimaji alikuja na chombo chake cha setilaiti, akaniuliza mwamba uko upande wa nani. Nilimwita Holo. Tukapanda, tukapiga magoti, kila mmoja kwenye kishimo cha bibi yake, na kijana akasimika kifaa chake katikati yetu.