Mkono wa Mama Kwenye Msafara wa Padre

Jamani, aibu hii ni yangu mwenyewe na sina wa kugawana naye, maana mpaka leo kuna watu wakiniona nimeegesha pikipiki kijiweni kwetu pale Mbinga wananyoosha mkono wa kulia halafu wanageuza uso pembeni wacheke, na mimi nacheka nao, nitafanyaje, maji yakimwagika hayazoleki. Ila mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanihukumu, kwa sababu ndani ya aibu hiyo kuna kitu ninachojivunia, na sioni haya kukisema.

Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mwanamke pekee kijiweni, wanaume wote na mimi Stela mmoja, na kilichonipa jina si uanamke wangu bali mkono. Wenzangu wakitaka kukata kona walikuwa wanarusha mguu, kama kuku aliyekanyaga tope, au hawaonyeshi chochote kabisa, unashtukia tu mtu yuko mbele ya tairi lako. Mimi nilisomea udereva (ndiyo, nilikaa darasani, msinicheke) nikafundishwa kwamba ukienda kulia unanyoosha mkono wa kulia ukakamae, ukienda kushoto ni wa kushoto, ukipunguza mwendo unaupandisha na kuushusha taratibu kama unabembeleza mtoto. Na taa za kona za pikipiki zetu mnazijua, zinakufa kabla nailoni ya siti haijabanduliwa. Basi nikawa naonyesha mkono, wakanicheka, wakaniita Dada Trafiki, halafu taratibu nikaanza kuwaona mmoja mmoja nao wananyoosha mikono. Moyoni nilijiona mkubwa.

Sasa mdogo wangu Faustini akapata upadre. Aliyewahi kuona padre mpya anavyopokelewa kwetu anajua: hapelekwi kijijini kimyakimya, anasindikizwa kwa msafara wa pikipiki zilizofungwa matawi na khanga, honi juu, kutoka Mbinga mjini kushuka mpaka ziwani kwetu Lundo. Mwenyekiti wetu wa kijiwe, kaka Bosko, akaniita pembeni akaniambia, "Stela, padre ni damu yako, kwa hiyo mbele utakaa wewe. Lakini ukivuruga, habari ya mwanamke kuongoza msafara tusiisikie tena hapa." Na wakati huo kulikuwa na mabinti wawili wanajifunza pikipiki kwa kuniona mimi, wapo pale pale wanatusikiliza.

Nikawakusanya madereva uwanjani nyuma ya soko, nikawapa somo. Nikawaambia, "Vumbi la kule ziwani halina huruma, pikipiki yangu hamtaiona. Msitafute pikipiki, tafuteni mkono. Mkono ukienda kulia, nendeni kulia hata kama roho haitaki." (Maneno yangu hayo, kwa kinywa changu hiki.) Shabani, kijana wa duka la vitambaa ambaye kwao wanaswali Ijumaa lakini hakosi msafara wa mtu yeyote, akasema, "Dada, hata ukitupeleka ziwani tutaingia." Tukacheka.

Siku yenyewe ilipofika, Mama akakataa kupanda gari. Alisema atakaa nyuma yangu, watu wamwone. Na mimi nilimwelewa, kwa sababu Mama alikuwa na jambo lake moja tu: kwetu padre mpya akifika kijijini, baraka ya kwanza anaitoa mlangoni mwa kanisa, na mwenye haki nayo ni mama mzazi. Hiyo baraka Mama ameisubiri miaka yote ya seminari, ameishonea kitenge, na zaidi ya yote alitaka aipokee mbele ya macho ya mama Kostansia, mpika komoni, pombe ya kienyeji, wa kijijini kwetu, ambaye enzi zile alisema kisimani mbele za watu, "Mwizi wa mapera yule? Faustini akiwa padre, mimi nitakuwa sista."

Tukaondoka. Jamani, tulipendeza! Padre kasimama ndani ya pikapu mwishoni mwa msafara na kanzu yake nyeupe, pikipiki zimejipanga mbili mbili, na mimi mbele peke yangu na mama yangu mgongoni. Lakini mlima wa kushukia ziwani mnaujua, kona juu ya kona, mkono wa kulia umeshika mafuta na breki, wa kushoto klachi, ukiachia mmoja kuonyesha ishara unajikuta unaongea na malaika. Ndipo nikafanya kauamuzi kadogo, kadogo kabisa, nikamwambia Mama, "Mama, wewe mikono yako haina kazi. Nikisema kulia nyoosha wa kulia, nikisema kushoto nyoosha wa kushoto."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu, Mama."

Alivyoipenda kazi ile! Pale njia panda ya Mbamba Bay nikasema kulia, Mama akanyoosha mkono na bangili zake zote, na msafara mzima ukakata kona kama mtu mmoja anageuka kitandani. Hakuna aliyegusa breki vibaya, hakuna aliyempita mwenzake. Watu wa barabarani wakapiga makofi, na mimi nilivimba kichwa mpaka kofia ngumu ikanibana.

Tukaingia barabara ya vumbi, ziwa kushoto kwetu, mihogo kulia. Vioo vyangu vya pembeni vilikuwa vimefunikwa na khanga (urembo, si ujinga, ingawa leo naona ni kitu kilekile), na mimi napiga honi mfululizo. Tulipokaribia Lundo nikamsikia Mama anapiga kelele mgongoni, nikajua ni vigelegele, nikazidisha honi. Kumbe amemwona mama Kostansia kasimama njiani upande wa kulia, penye njia ya kuingia kilabuni kwake, na furaha imempanda, akanyoosha mkono wa kulia wote, ukakakamaa vizuri kama nilivyomfundisha, akashikilia hapo hapo huku anampigia kelele, "Kostansiaa! Mwanangu anakuja! Yuko nyuma! Mwone!"

Mimi sikujua. Nikanyoosha moja kwa moja.

Nikafika kanisani. Kengele ikalia, kwaya ikaangusha wimbo, kina mama wakatandika khanga chini na mimi nikapita juu yake kwa mbwembwe, wazee wakapiga magoti, katekista kashika maji ya baraka. Nikazunguka uwanja mara ya kwanza, nikazunguka tena, ndipo nikaona watu wanaacha kuimba, sauti ya kwanza kisha ya pili, mpaka kikabaki kipaza sauti kinakoroma.

Mzee wa kamati ya mapokezi akainuka na vumbi la magotini. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akauliza, "Binti, padre yuko wapi?"

"Nyuma," nikasema, nikageuka kumwonyesha, na nyuma palikuwa na vumbi linatua na mbuzi mmoja anavuka barabara.

"Mmempoteza padre?"

Nikamuuliza Mama polepole, "Mama, uliponyoosha mkono mara ya mwisho, nilikuwa nimekwambia?" Akasema, "Mimi sijanyoosha mkono. Nilikuwa namwonyesha Kostansia tu." Halafu akajishika mdomo. Nikamfikiria kaka Bosko, nikawafikiria wale mabinti wawili, nikawasha pikipiki huku kijiji kizima kinanitazama.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Kwenye ua wa kilabu cha mama Kostansia pikipiki zimepangwa mstari ulionyooka, pembeni ya mapipa ya komoni, walevi wamepiga magoti na vikombe vyao wameviweka chini kwa heshima, na katikati yupo mdogo wangu na kanzu yake nyeupe, mikono yake miwili juu ya kichwa cha mama Kostansia. Baraka ya kwanza ilikuwa inaondoka hivyo, mbele ya macho yetu.

Shabani akanikimbilia. "Dada, tumefuata mkono. Ulisema hata kama roho haitaki." Faustini naye akanitazama kwa yale macho yake ninayoyajua tangu utotoni, akasema, "Nilidhani kamati ndiyo imepanga. Mimi tangu jana nafanya ninachoambiwa."

Mama alishateremka kabla sijasimama. Nikasema leo patachimbika hapa, kitenge kipya na matusi ya kisimani vinakutana. Mama Kostansia akainuka, kata ya pombe bado iko mkononi, analia machozi ya kweli, akamwambia, "Mwenzangu, na maneno yote yale niliyowasema, umemleta mwanao aanzie kwangu?"

Mama akafungua mdomo. Akamtazama yeye, akamtazama padre, akatazama madereva wangu wote waliosimama na kofia mikononi. Namjua mama yangu, nilimwona anavyomeza mate. Kisha akakinyoosha kitenge chake, akasema, "Sasa ningemwanzishia kwa nani mwingine?" Akapiga magoti palepale kwenye majivu ya jiko la komoni, akapokea baraka ya pili. Niliumia kwa ajili yake, nawaambia ukweli, niliumia sana, na tangu nizaliwe sijawahi kujivunia mtu kama nilivyomjivunia yule mama siku ile.

Tukaingia kanisani tumechelewa, mama Kostansia kapakiwa na Shabani, wanywaji wanakuja nyuma kwa miguu, mzee wa kamati hataki hata kunitazama. Kaka Bosko, aliyekuwa kwenye msafara, alinisubirisha mpaka tuliporudi Mbinga. Nikajua nimekwisha, na nimewaponza na wale mabinti. Akazima pikipiki yake, akasema, "Vumbi lile, kona ile mbaya, gari nyuma, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Walifuata."

Nikamwambia, "Walifuata kuingia kilabuni, kaka."

"Walifuata," akarudia. "Askofu akija, utaongoza wewe. Lakini mama yako apande gari." Na wale mabinti wawili sasa wana namba zao kijiweni, wanapakia abiria kama sisi.

Kijijini Mama anasimulia kwamba alipanga mwenyewe, na watu wanamsifu kwa moyo wake mkubwa, na mimi nimekatazwa kusema vinginevyo (ninyi pia mtanyamaza). Siku moja tukiwa wawili tu nikamuuliza kama bado inamuuma. Akasema, "Inauma, mwanangu. Lakini ile baraka niliitaka ili Kostansia aione, na ameiona kwa karibu kuliko nilivyopanga."

Basi mimi nimeapa: abiria wangu, awe mama mzazi au awe nani, mikono yake ikae kwenye chuma cha nyuma, na akitaka kumwonyesha mtu kitu, amwonyeshe kwa kidevu. Ishara nitatoa mwenyewe, hata mlimani, hata kama itabidi nisimame kwanza. Na askofu akija mtaniona mbele, peke yangu kwenye siti, mkono umenyooka, na safari hii nitakuwa nageuka kutazama nyuma.