Neno Trespass na Mama wa Nyalenda

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa karani mkalimani katika mahakama moja mjini Kisumu, bado niko kwenye majaribio. Hakimu alisema Kiingereza, washtakiwa wengi Kijaluo, na mimi nilisimama katikati nikiomba nisikwame.

Siku moja alipandishwa kizimbani mama wa makamo kutoka mtaa wa mabanda wa Nyalenda. Alikuwa amekamatwa na beseni la nguo mbichi kichwani, ndani ya ploti iliyozungushiwa seng'enge karibu na ziwa. Shtaka lilikuwa trespass, neno la Kiingereza la kuingia kwenye mali ya mtu kinyume cha sheria. Neno hilo nililijua kwenye vibao vya mageti ya Milimani, mtaa wa matajiri, lakini kulisema sawasawa kwa Kijaluo sikuweza. Hakimu aligongagonga kalamu. Nikashika neno lile lile nililotumia kila shtaka hilo lilipokuja, kadho, yaani kupita tu.

"Mama, ulipita kwenye ploti ya mtu?"

"Nilipita. Si ndiyo njia yetu ya kwenda kufua? Hiyo waya wameweka juzi."

"Amekiri, Mheshimiwa," nikasema. Mengine sikuyatafsiri.

Hakimu akaandika, akasema adhabu ataitoa saa nane.

Sikwenda kula chakula cha mchana. Nilijifungia katika chumba cha vitabu. Sheria ilisema kosa ni kuingia kwa nia ya kufanya uhalifu, au ya kumtisha au kumuudhi mwenye mali. Nikafungua kamusi kubwa ya Kiingereza. Neno lilitoka Kifaransa cha zamani, na mwanzoni lilimaanisha kuvuka, kupita ng'ambo. Baadaye likawa kosa, hata dhambi, ile ambayo Waingereza huomba wasamehewe katika Sala ya Bwana. Nilikuwa nimemuuliza mama juu ya maana ya kale, naye angefungwa kwa maana ya sasa.

Saa nane nilisimama. Kazi hii ndiyo iliyowalisha wazazi wangu.

"Mheshimiwa, nimekosea. Nilimuuliza kama alipita. Sikumuuliza nia yake."

Hakimu alivua miwani, akafungua tena faili.

"Muulize upya."

Nikauliza. Mama akashangaa. "Nia mbaya gani, mwanangu? Nilikuwa na nguo za watoto."

Safari hii nilitafsiri kila neno. Ikaandikwa kwamba amekana. Mlalamikaji alikosa kufika mara mbili, na kesi ikafutwa.

Hakimu hakunifukuza. Lakini usiku wa siku ile niliyokiri kosa langu, usingizi uliniruka, kwa sababu nilikumbuka wengine walionijibu kwa upole, "Ndiyo, nilipita." Mmoja wao, kijana wa kuuza samaki, alikuwa bado gerezani.

Kesho yake, kabla mahakama haijaanza, nilibisha mlango wa hakimu nikiwa na faili ya kijana huyo mkononi.