Mama Ndindi Atafuta Sahihi Moja

Muthoki anauza supu ya mifupa Soko la Burma, nyuma ya mabucha, na kwa miaka kumi na sita sijasikia mtu akilalamika kwamba aliiongeza maji. Kule sokoni wanamwita Mama Supu. Sisi wa mtaa wa Mowlem, tunaokaa naye ploti moja ya vyumba vya kupanga, tunamwita Mama Ndindi, kwa jina la bintiye wa pekee. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita wateja hata anapoomba chumvi, na mtu anayezungusha maneno humkera kupita kiasi. Mimi ni Hamidi, mwenye duka pale langoni, na kuzungusha maneno ndiyo kazi yangu ya pili.

Mwaka huu chuo cha Ndindi kilipandisha karo ghafla, katikati ya muhula. Wanafunzi wakatoka na mabango. Ndindi alikuwa mbele, kwa sababu kukaa nyuma hakujui, amemrithi mamake. Walikamatwa sita. Walishtakiwa kwa mkutano haramu na kuvunja lango la chuo. Lango lenyewe nililiona kwenye picha za siku hiyo: lilikuwa wazi, na aliyelifungua alikuwa bawabu.

Ili awaachilie kwa dhamana, hakimu hakutaka pesa taslimu. Alitaka kila mshtakiwa awe na mdhamini mmoja, Mkenya, mwenye shamba au gari lililoandikwa jina lake, aje atie sahihi. Watano walipata wajomba. Ndindi hakupata mtu, akabaki rumande. Mitihani yake ya mwisho ilikuwa inaanza Jumatatu, na asipoikalia angerudia mwaka mzima, kwa karo ileile aliyofungiwa kwa kuipinga. Siku ya mwisho ya kusikizwa kabla ya mitihani ilikuwa Ijumaa.

Mama Ndindi akaanza kubisha milango ya ploti. Alianza kwa Wathome, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi, mwenye gari jeupe, Probox, analoliosha kuliko anavyooga.

"Chairman, nisaidie na kitabu cha gari. Ni kuonyesha tu, halafu unarudi nacho," alimwambia.

"Ningekuwa nacho, Mama Ndindi, ungekuta nimekitoa kabla hujaomba," Wathome alijibu, mkono kifuani. "Lakini kiko benki. Unajua haya mambo ya benki."

Kisha akaja kwangu. Mimi nina kiwanja cha urithi, hati iko kwa kaka yangu Mombasa. Nilimwambia hivyo, na ni kweli tupu, hati iko kwa kaka. Ambacho sikumwambia ni kwamba kaka hupokea simu mara moja ikiita, nami sikumpigia. Niliogopa. Niliwaza jina langu kwenye karatasi za serikali, karibu na neno "maandamano", nikaiacha simu mezani. Ploti nzima ilikuwa hivyo. Kila aliyeombwa sahihi alitoa ushauri, na ushauri wenyewe ulikuwa mrefu.

Ndipo Ulaya ikaamka. Wanafunzi wa mji mmoja wa Uholanzi walisikia habari za wale sita, wakawaka moto. Walikusanya sahihi mtandaoni, elfu kumi na moja kwa wiki moja. Sahihi elfu kumi na moja, na hakimu alikuwa anataka moja!

Waliteua msichana Mkenya anayesoma kule, jina lake Sally, awe akimpigia Mama Ndindi simu. Sally alikuwa na roho nzuri na maneno mengi. Aliomba video ya mama akiwa ameinua ngumi. Mama Ndindi alikuwa kazini, mkono wa kulia umeshika upawa, basi akauinua na upawa wake. Kule walifurahi mno. Baada ya siku mbili upawa ulikuwa umechorwa kwenye fulana.

"Mama, tunasimama na wewe!" Sally alimwambia, mimi nikiwa nasikia, maana simu ilikuwa kwenye spika dukani kwangu.

"Asanteni sana, wanangu. Sasa kati yenu ninyi mliosimama, nani ana gari lenye namba ya Kenya?"

Kisha ukaingia ujumbe wenye moyo mwekundu.

Lakini nisiwaonee. Mama Ndindi alipokwenda rumande akamsimulia mwanawe habari za fulana zile, Ndindi alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu akamatwe. Mama alirudi akatueleza hilo huku machozi yakimtoka. Wale wazungu walimpa mtoto kicheko kutoka mbali. Sisi tuliokuwa hatua kumi kutoka mlangoni pake hatukumpa kitu.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya kusikizwa, picha ikaingia kwenye kundi letu la WhatsApp. Ilikuwa picha ya Ndindi, kubwa, imewekwa juu ya ngazi za jengo fulani la kizungu. Imezungukwa na maua. Imezungukwa na mishumaa. Vijana wameinamisha vichwa, na msichana mmoja analia waziwazi. Chini kulikuwa na maneno ya Kiholanzi ambayo hakuna aliyeyajua, wala hakuna aliyehangaika kuyauliza. Hapa kwetu picha ya mtu ikizungukwa na maua na mishumaa, huyo mtu ameondoka. Hatujawahi kumwashia mshumaa mtu aliye hai.

"Wamemuua," aliandika mtu wa chumba namba tisa.

Wathome akachukua usukani. Nikimlaumu kwa mengine, kwa msiba hana mpinzani. Aliamuru kwanza kabisa kwamba Mama Ndindi asipigiwe simu, kwa sababu mama hapewi habari kama hiyo akiwa peke yake, sufuria ya moto mbele yake. Atakuta watu nyumbani, ndivyo tulivyozoea. Kwa hiyo mtu pekee aliyejua ukweli ndiye tuliyekatazwa kumuuliza. Kufikia saa nane mchana tenti lilikuwa limesimama uani na viti vimefika. Mke wangu Lela na wenzake walikuwa wakimenya viazi, na watu waliokuwa na shughuli kila walipoombwa waende mahakamani sasa walikuwa wamejaa tele.

Mimi nilipewa kazi ya wasifu wa marehemu, kwa kuwa nina Kiswahili cha pwani. Niliandika kurasa mbili bila kupumzika. Niliandika alivyowafundisha watoto wa ploti hesabu bila malipo, alivyotuandikia barua mpaka maji yakarudi, alivyosimama kwa ajili ya wanafunzi wasio na uwezo, na kwamba alifungwa bila kosa lolote. Nililia nikiandika, na yalikuwa machozi ya kweli.

Mama Ndindi aliingia saa kumi. Aliona tenti, ndoo ikamdondoka.

"Nani? Ni nani?"

Lela alimshika upande mmoja, jirani mwingine upande wa pili, wakamwambia ajikaze, ajikaze tu. Uso wake uligeuka rangi ambayo sitaki kuiona tena kwa mtu yeyote. Mtu akamwonyesha ile picha kwenye simu. Aliitazama, akaitazama tena. Sally alikuwa amemtumia picha hiyohiyo alfajiri, pamoja na maelezo kwamba wamekesha kumwombea Ndindi atoke. Sisi hatukulijua hilo. Tulimwona tu akinyamaza, tukamkalisha kwenye godoro walilokalia wanawake, tukasema ni mshtuko.

Wathome akasimama mbele ya watu wote, akakohoa.

"Ndindi alikuwa mtoto wetu sote," alianza. "Usafiri msiuwazie. Gari langu litambeba mpaka nyumbani Makueni, na mafuta ni juu yangu."

Watu wakapiga makofi ya taratibu, yale ya msibani. Mama Ndindi akainua kichwa.

"Chairman, polisi wa barabarani wakitusimamisha na mwili, itakuwaje? Si kitabu cha gari kiko benki?"

"Hapana, mama, usisumbuke moyo na hayo," Wathome alisema kwa huruma nyingi. "Kitabu kiko ndani ya kabati langu. Kina jina langu mwenyewe. Hakuna benki inayokijua."

Wachache wetu tuliinamisha macho. Mama Ndindi aliinuka kutoka kwenye godoro, akajifunga leso vizuri kiunoni, na sauti yake ya Burma ikarudi.

"Ndindi yuko mzima. Jumanne nimemwona, ameniomba soksi na sabuni. Wale watoto wa Ulaya walikuwa wakimwombea. Kesho saa tatu, Chairman, uko na hicho kitabu mbele ya hakimu. Umekubali kumbeba akiwa amekufa mpaka Makueni. Sasa mbebe akiwa hai kutoka mahakamani mpaka Mowlem, si hata mbali. Na ninyi wote mmesikia."

Wathome alifungua mdomo, akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumwunga mkono. Lela, bado ameshika kisu cha viazi, akamwuliza kama angependa asindikizwe kwenda kabatini sasa hivi. Alikubali. Angefanyaje, mbele ya watu mia na kanisa zima?

Ijumaa saa tatu alikuwa mahakamani kwa suti. Alitia sahihi, moja tu, na jioni Ndindi alikuwa nyumbani, amekonda, akila viazi vya matanga yake mwenyewe. Wathome siku hizi husimulia alivyomtoa msichana yule ndani. Fulana ya upawa amejipatia pia, saizi kubwa.

Jumamosi asubuhi Ndindi alikuja dukani kununua kalamu ya mtihani. Mkononi alikuwa na kurasa zangu mbili. Sijui nani alimpa.

"Umeandika poa, Mzee Hamidi," alisema. "Hii ya hesabu, na ya maji, na hapa ya kusema nilifungwa bila kosa. Mlikuwa mnayajua haya yote?"

"Tulikuwa tunayajua."

"Na wiki zote tatu nikiwa ndani, mbona hakuna mtu alikuja kumwambia hakimu hata moja?"

"Tuliogopa, mwanangu."

"Mkasikia nimekufa, uoga ukaisha?"

Nilimwambia ndiyo.