Mwalimu wa Hesabu

Mwaka Mpya wa Kichina uliangukia wakati shule zimekwisha kufunguliwa. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya siku mbili, nikatoka Ahero, nilikofundisha, asubuhi na kufika Kisumu Baba akiteremsha mlango wa chuma wa hoteli yetu. Siku hiyo moja tu katika mwaka hakuuza chakula. Meza zote ziliunganishwa kuwa moja, na Mama alikuwa amenunua ngege mkubwa kutoka kwa wavuvi wa ufuo wa Dunga, kwa sababu samaki wa Mwaka Mpya lazima aletwe mzima, kichwa kikimwelekea mkubwa wa ukoo.

Mkubwa wetu alikuwa baba mkubwa, kaka yake Baba, aliyekuja na mkewe kutoka Nairobi. Mwanawe alikuwa anasomea udaktari ng'ambo, na habari hiyo tulipewa kabla hata hawajavua viatu.

Mimi nilikuwa na mwaka mmoja nikifundisha Kiswahili katika shule ya upili. Nilipochagua somo hilo, Baba hakugomba. Alisema tu, "Mtoto wa Mchina hufanya biashara au huwa daktari. Kiswahili unakijua tayari. Unakwenda kusomea nini?" Nilimjibu kwamba kujua bei ya nyanya sokoni si kujua Kiswahili.

Shuleni nako nilianza kwa kuchekwa. Siku ya kwanza darasa zima lilinipigia kelele za karate, na mvulana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, wewe ni Mchina. Kiswahili utakitoa wapi?"

"Na wewe ni Mjaluo," nikamwambia. "Sote wawili tumezaliwa kwenye lugha nyingine. Fungua daftari."

Walicheka tena, lakini daftari zilifunguliwa. Nilikuwa nikirudi chumbani kwangu kila jioni nikisoma ngeli kwa sauti hadi nikahakikisha hakuna mwanafunzi atakayenishika nikikosea.

Basi tukakaa mezani. Mama mkubwa alinijazia sahani, akanitazama na kusema, "Umekonda. Lakini watoto wa huko wana bahati. Hesabu kufundishwa na Mchina, nani atafeli?"

Sikumwelewa. Nikamtazama Baba. Alikuwa anatoa miiba kwenye samaki kwa bidii kubwa, ingawa sahani yake haikuwa na mwiba. Ndipo nikajua alichowaambia ndugu zake kwa simu mwaka mzima.

Mama alinigusa goti chini ya meza. Nilielewa: sherehe isiharibike, maneno ya leo ndiyo maneno ya mwaka mzima. Niliweka vijiti chini.

"Mama mkubwa, sifundishi hesabu. Hesabu nilipata alama mbaya. Nafundisha Kiswahili."

Baba mkubwa aliacha kutafuna. "Kiswahili? Kwa wenyewe?"

"Ndiyo, baba mkubwa. Na mwaka huu wamenipa kidato cha nne."

"Watu watasema tumeshindwa kukusomesha."

"Wakisema, waambie waje darasani."

Mama akaleta supu mapema kuliko ilivyopangwa, nasi tukainywa ikituchoma. Walipoondoka kesho yake, baba mkubwa aliniaga kwa adabu, kama anayemuaga mgeni.

Baba na mimi tulibaki tukitenganisha meza. "Ulinitia aibu," alisema.

"Najua, Baba. Nawe ulinitia aibu kwenye simu, mbele ya watu nisiowaona."

Alishika upande wake wa meza, nami nikashika wangu, tukaibeba.

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne walifanya vizuri. Si ajabu kubwa, ila vizuri kuliko shule ilivyozoea. Sikumwambia Baba. Mwaka Mpya uliofuata nilikuja tena, na baba mkubwa naye alikuja, maana ukoo ni ukoo. Safari hii aliandamana na mfanyabiashara mwenzake, Mchina mgeni nchini, aliyeniuliza nafanya kazi gani.

Kabla sijafungua mdomo, Baba alisema, "Anafundisha Kiswahili." Alilisema kama mtu anayetaja ugonjwa wa familia, macho yakiwa kwenye chupa ya chai. Lakini alilisema.

Mgeni aliniomba nimfundishe kumsalimia dereva wake. Nilisogeza kiti, nikaanza na "habari ya asubuhi."