Firigisi ya Bata Mzinga

Nacheka mwenyewe kabla hamjanicheka, kwa sababu aliyewaangushia wakwe jogoo mzima ndani ya sinia la wali, siku ya posa ya mdogo wake, ni mimi Mwanaisha, na sikulewa wala sikurogwa.

Mie ni mpishi wa vyakula baridi katika hoteli moja ya Galu, mwaka wa tisa huu, na kazi yangu kubwa ni kifua cha bata mzinga, kile kinacholetwa kimeshapikwa, hakina ngozi wala mfupa, nami nakikata kwa mashine vipande vyembamba hata ukikishika kimoja juani waona kivuli cha kidole chako upande wa pili (najisifu, ndiyo, na nina haki). Wageni huvila asubuhi na mayai, mchana huvitia ndani ya mkate na tango, kwa kuwa ni nyama ya kujenga mwili na mafuta yake ni machache. Aibu yake ni moja tu, chumvi, maana hutiwa nyingi kiwandani ili isiharibike. Wanangu huwafungia vipande viwili ndani ya chapati waende navyo shule, na walimu huuliza watoto hawa wala nini.

Sasa Riziki, mdogo wangu huyo, nimemlea mimi tangu baba yetu alipofariki, na ilipokuja habari kwamba wazee wa Msambweni wanakuja kumposa, mjomba wetu Bakari aliniambia, "Chinja majogoo wawili, mwanangu, mambo yaishe." Mie nikaona majogoo kila nyumba wanao, lakini mpishi wa Galu ni mmoja. Nikaenda duka kubwa la Diani nikanunua pakiti nane za bata mzinga, zenye muhuri wa halali, nikazipika kwa tui la nazi. Riziki nilimkataza kabisa asiguse chumvi, nikamsomesha habari za presha mpaka akapiga miayo, kisha tui lilipoanza kuchemka mkono wangu mwenyewe ukaenda kwenye kopo la chumvi kwa mazoea ukatia konzi nzima. Vipande navyo vikajikunja vikalegea, nikajiambia ndio mtindo wa kisasa.

Wageni wakaja, shikamoo na marahaba zikapita, wakakaa mkekani barazani. Mkubwa wao alikuwa Mzee Hamisi, ami yake kijana anayeposa, na neno la ndiyo au la lilikuwa lake. Akala tonge la kwanza, akaomba maji. Akala la pili, akaomba maji tena. Kisha nikauona mkono wake ukizunguka siniani taratibu, ukifunua wali huku na kule, nami nikajua anachokitafuta. Kwetu mkubwa wa wageni huwekewa firigisi. Asipoiona, ama mwenye nyumba ameila, ama amemhesabu mgeni si kitu, na kuna posa zilizovunjika kwa dogo kuliko hilo.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "nyama hii ni ya nini?"

"Ni bata mzinga, ami."

"Mashaallah. Bata mzinga ni mkubwa. Basi na firigisi yake si ndogo."

Pale pale ningesema kweli yangeisha. Lakini mpishi wa Galu atakubali vipi kwamba nyama yake imetoka kwenye pakiti? Nikamjibu, "Iko jikoni, ami, yamalizikia kuiva."

Jikoni Riziki akanikodolea macho. "Dada, firigisi ipi?"

Nikatoka mlango wa nyuma hadi kwa jirani, nikanunua jogoo wake bila hata kuuliza bei, nikarudi mbio na kisu, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mwanamke kwetu hutafuta mwanamume wa kumchinjia, na wanaume wote wa karibu wako barazani kwangu wanakunywa maji. Nikamficha jogoo ndani ya leso niliyojitanda, nikasimama mlangoni, nikaanza kumkonyezea mjomba.

"Mwanaisha," akasema mjomba kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "jicho limeingia nini?"

Wote wakageuka. Jogoo akapiga teke, nikakanyaga pindo la dera langu jipya, tukaenda chini wote wawili, mie sakafuni na yeye katikati ya sinia, akatembea juu ya wali, na mchuzi ukamwagikia kanzu ya Mzee Hamisi kifuani.

Nyuma ya mlango nilimsikia Riziki analia, na kilio kile ndicho kilichonifungua mdomo. Nikiwa bado chini nikasema yote: pakiti, chumvi, uongo, jogoo wa jirani. Nikamwambia, "Ami, kosa ni langu. Usimhukumu mtoto kwa ajili yangu."

Mzee Hamisi akaifuta kanzu yake polepole. "Firigisi haimshibishi mtu, mwanangu. Twaitafuta ili tujue kama mwenye nyumba alitukumbuka alipokuwa jikoni."

"Nilikukumbuka, ami. Wiki nzima sikufikiria jambo jingine."

"Basi nimeshapewa." Akamgeukia mjomba. "Bakari, mchinje huyo jogoo, njaa inaniuma. Na huyo binti mwambie anyamaze, tumemtaka na bado twamtaka."

Riziki sasa yuko Msambweni na mumewe, na kila niendapo Mzee Hamisi huniagiza vile vipande, vya baridi, kidogo, na ndimu, bila mchuzi. Kwa kukata nyama, Galu nzima sijaona wa kunishinda, na hilo nalisema kifua mbele. Lakini nimeapa: mkwe akiniuliza nimempikia nini, nitamwambia kweli kabla sijainuka mkekani, maana siku ile nilihangaikia sifa zangu hadi nikamliza mtoto niliyemlea.