Rangi Nyekundu Kisiginoni

Hannah Birkett aliipangusa meza ya jikoni mara ya tatu, na haikuwa na hata chembe. Mikono ilitafuta kazi ili mdomo upate kunyamaza. Saa tano mwanasheria angefika na karatasi, mwanawe Norman angetia sahihi, na shamba la Skelgarth, kondoo na mlima wao, lingekwenda kwa tajiri wa Manchester aliyetaka nyumba ya kupumzikia. Lanty, ndugu yake Norman, aliyelilima shamba hilo na kulisha kondoo wake miaka yote, angefungasha virago.

Wosia wa marehemu mumewe, Isaac, ulikuwa mfupi kama maneno yake alipokuwa hai: shamba ni la mwanangu mkubwa. Ndivyo walivyo watu wa milima ile. Shamba haligawanywi, ukiligawa, kondoo watakula nini? Huchukua mkubwa, na wadogo watajua wenyewe pa kwenda. Na ukubwa wenyewe hapa ulikuwa wa dakika ishirini na tano tu, maana Norman na Lanty ni pacha wa kufanana. Huko Uingereza cheti cha kuzaliwa hakiandiki saa ila kwa pacha. Cha Norman kilisema saa tisa na dakika kumi alasiri; cha Lanty, saa tisa na thelathini na tano. Norman Kulwa, Lanty Doto, na serikali imeshaandika.

Ni Hannah peke yake aliyejua maandishi yale yalisimama juu ya nini.

Ilikuwa Februari ya 1947, theluji imezifukia kuta za mawe, mkunga amekwama kijijini. Isaac alimzalisha mkewe mwenyewe, kwa elimu ya kondoo, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Na kama alivyozoea kwa wanakondoo pacha, mtoto aliyetangulia alimpaka kisiginoni ile rangi nyekundu ya kutilia mifugo alama. Kisha akatoka mbio kufukua kondoo waliofunikwa na theluji. Kesho yake Hannah akawaogesha watoto, tena kwa maji ya moto na sabuni, barabara, kama mama yeyote anayejiheshimu. Alipowafuta akatazama visigino vinne. Vyote vilikuwa safi. Mkunga alipofika na daftari lake, akauliza yupi wa kwanza. Hannah akanyoosha kidole.

Angemwambia nani? Mama gani asiyejua wanawe? Aibu ile aliimeza, na kwa miaka thelathini na nne haikushuka.

Sasa Norman alisimama dirishani na suti ya mjini. Lanty akaingia na matope mpaka magotini.

"Futa miguu, dogo," alisema Norman. "Nyumba ya watu hii."

"Watu gani? Bado hujatia sahihi."

"Ngoja nusu saa."

Lanty hakufuta. "Niachie hata mlima wa nyuma, kaka. Wale kondoo hawana uzio. Wanakaa pale kwa kuwa mama zao walikaa pale. Ukiwapeleka kwingine watapotea."

"Wewe ungekuwa mkubwa ungeniachia?"

"Ningekuachia."

"Wee! Mdogo haishiwi ukarimu," Norman alicheka bila furaha. "Hana cha kutoa."

Lanty alikunja ngumi. Hannah akaona, akasogea katikati yao na kitambaa chake mkononi. Nje, gari la mwanasheria lilikuwa linapanda kilima.

Mwanasheria, Bwana Dobson, alikataa chai. Alitandaza wosia, vile vyeti viwili na karatasi ya kumuuzia tajiri, akamkabidhi Norman kalamu.

"Kwa utaratibu tu, Bi Birkett. Huyu ndiye mwanao mkubwa?"

Neno moja tu lilihitajika, na alikuwa amelisema maisha yake yote.

"Sijui," alisema Hannah.

Akawasimulia yote, theluji, rangi, sabuni, kidole, macho yake yakiwa mezani. Alipomaliza, Norman alikuwa amekwajuka.

"Unasema haya umwokoe Lanty."

"Ningetaka kumwokoa ningesema mkubwa ni yeye. Nasema sijui, mwanangu."

Bwana Dobson alikohoa. "Kisheria, cheti ni cheti. Bwana Norman, ukitaka, tia sahihi."

Norman hakumsikia. "Nilitolewa shule nije kumsaidia baba, kwa nini? Mkubwa. Huyu akiacha lango wazi nachapwa mimi. Baba ananiuliza, 'Mkubwa, ulikuwa wapi?' Nililikimbia shamba hili kwa sababu ya neno hilo, Mama, si kwa sababu ya kondoo. Kwa nini ulinisonta mimi? Uliona nini?"

Hannah alitamani sana kuwa na jibu zuri. Kwa muda alilitafuta, na lingekuwa uongo wa pili.

"Ulikuwa karibu na mkono wangu."

"Basi?"

"Basi. Nisamehe."

Norman aliitazama kalamu. Hannah alishika ukingo wa meza. Alimpenda kijana huyu kwa uchungu uleule aliokuwa nao siku ile ya visigino vinne, na hakujua angefanya nini. Kisha Norman akaisukuma karatasi ya tajiri hadi ikaangukia sakafuni.

"Andika nyingine," alimwambia Dobson. "Shamba nampa huyu. Na Mama, na paa linalovuja, na kila jambo litakaloharibika, watu wamuulize yeye alikuwa wapi." Akamtolea Lanty kalamu. "Shika. Mimi nimekuwa mkubwa miaka thelathini na nne. Sasa zamu yako."

Lanty aliyekuwa akililia shamba lile tangu mazishi hakuinua mkono. Alimtazama mama yake, kisha nduguye, na Hannah akaona mwanawe ameogopa.

"Shika, kaka," alisema Norman.